Maneno ya Hatari: Kiingereza na Kifaransa Vinapofanana Kupita Kiasi

Lori la mafuta linalotoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi hupita Tunduma, hukata Zambia, kisha huingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa. Ubavuni au nyuma ya tangi mara nyingi utakuta neno moja la herufi kubwa: "inflammable". Hadi Kasumbalesa neno hilo ni la Kiingereza. Likishavuka mpaka linakuwa la Kifaransa, na hakuna herufi hata moja iliyobadilika.

Msomaji wa Kifaransa halimpi tabu: mzigo huu unashika moto upesi, kaa mbali. Mwenye mtihani ni msomaji wa Kiingereza. Amezoea kwamba "in-" mwanzoni mwa neno hukanusha: "visible" ni kinachoonekana, "invisible" ni kisichoonekana. Kwa hesabu hiyo "inflammable" ingekuwa kisichowaka. Sivyo. Hii "in-" ni ya Kilatini yenye maana ya ndani, nayo imetoka katika kitenzi "inflammare", kuwasha moto. Mkanganyiko huo uliwatia hofu wataalamu wa kinga ya moto wa Marekani, na tangu miaka ya 1920 chama chao, NFPA, kikapigia debe neno fupi zaidi, "flammable". Vibandiko vya kisasa vya Kiingereza huandika "flammable" kwa kinachowaka na "non-flammable" kwa kisichowaka. Wafaransa hawakuona sababu ya kuhangaika. Kwao kinachowaka bado ni "inflammable", na kisichowaka ni "ininflammable", "in-" mbili zikifuatana, ya kukanusha ikitangulia ya kuwasha. Mtu aliyesomea Kiingereza akilisoma neno hilo mbiombio anaweza kudhani ni kosa la uchapaji.

Anayejifunza maneno ya hatari ya lugha hizi mbili kwa pamoja kwa kawaida huanza na misemo, ile yenye simba, mbwa mwitu na barafu. Inafurahisha, lakini haina madhara: inatofautiana waziwazi, na mtu akikosea huishia kuchekwa. Yanayoumiza ni maneno yaliyofanana sura. Nayo ni mengi, kwa sababu Kiingereza kiliazima sehemu kubwa ya msamiati wake wa hatari kutoka Kifaransa, kisha kila lugha ikashika njia yake.

Wanormani kutoka kaskazini mwa Ufaransa waliiteka Uingereza mwaka 1066, na kwa karne kadhaa baada ya hapo Kifaransa kilikuwa lugha ya mabwana na mahakama zao. "Danger", "peril", "jeopardy", "hazard" na "menace" yote yaliingia kwa mlango huo. Maneno ya wenyeji kama "threat" na "harm" yalibaki, ila yakalazimika kugawana kazi na wageni.

"Danger" lenyewe halikuanza na maana ya hatari. "Dangier" ya Kifaransa cha kale ilikuwa mamlaka ya bwana juu ya watu wake, na mzizi wake ni "dominus" ya Kilatini, yaani bwana. Kuwa katika "dangier" ya mtu kulimaanisha kuwa mikononi mwake, akuamulie atakavyo. Shakespeare bado analitumia hivyo katika ile tamthilia ambayo Waswahili wanaijua kwa tafsiri ya Julius Nyerere ya mwaka 1969, Mabepari wa Venisi. Mahakamani, Portia anamwuliza Antonio kama yumo ndani ya "danger" ya Shylock. Haulizi kama kuna tishio chumbani. Anauliza kama huyu mdeni kweli amefungwa na yule mdai. Kutoka uwezo wa bwana wa kukudhuru hadi dhara lenyewe haikuwa safari ndefu, na lugha zote mbili ziliimaliza.

"Jeopardy" lina kisa kingine. Limetoka katika "jeu parti", mchezo uliogawanywa, yaani pande mbili zina nafasi sawa ya kushinda na kushindwa. Wafaransa wa leo hawana tena neno hilo. Waingereza na Wamarekani wamelitunza, hasa mahakamani: Marekebisho ya Tano ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanakataza mtu kuingizwa mara mbili katika "jeopardy" kwa kosa lile lile. Mwanasheria wa Kifaransa akitaka kusema hivyo hukimbilia Kilatini, "non bis in idem". Neno lililozaliwa Ufaransa halina mahali pa kurudia.

Sasa tuje kwenye fundo lenyewe. "Hasard" ulikuwa mchezo wa dadu. Wengi hulihusisha neno hilo na "az-zahr" ya Kiarabu, dadu, ingawa wanaisimu hawajaacha kubishana. Katika Kifaransa lilitoka kwenye dadu likawa bahati: "par hasard" ni kwa bahati tu, bila kukusudia, na "jeux de hasard" ni kamari. Katika Kiingereza lilitoka kwenye dadu hiyo hiyo likawa chanzo cha madhara. Kwa hiyo "hazard" ya Kiingereza haitafsiriki kwa "hasard" ya Kifaransa hata kidogo. Hutafsirika kwa neno gani, inategemea uko katika fani ipi, na hapo ndipo hata wataalamu hujikwaa.

Goma ni mahali pazuri pa kulielewa jambo hili, kwa sababu watu wake huongea Kiswahili, ofisi zao huandika Kifaransa, na mashirika ya misaada huja na ripoti za Kiingereza. Juu ya mji kuna Nyiragongo, volkano iliyomwaga lava katikati ya mji Januari 2002, ikalipuka tena Mei 2021 na lava yake ikasimama pembezoni mwa mji. Lava, gesi na matetemeko, yaani kile ambacho mlima unaweza kufanya, Kiingereza hukiita "hazard" na Kifaransa hukiita "aléa". Nyumba, watu, shule na barabara vilivyo chini yake Kifaransa huviita "enjeux", vitu vilivyowekwa rehani. "Risk", au "risque", huja pale viwili hivyo vinapokutana. Jirani yake, Nyamulagira, hulipuka mara nyingi zaidi, lakini lava yake kwa kawaida huishia ndani ya Hifadhi ya Virunga ambako hakuna mtaa wa kuunguza. "Aléa" ni kubwa, "risque" ni ndogo. Ripoti ya Kiswahili inayoandika "hatari" kwa yote mawili inampotosha mkuu wa mtaa, kwa sababu mlima hawezi kuuhamisha, ila watu na nyumba anaweza.

Toka kwenye volkano uingie kiwandani, na neno linabadilika. Viwanda vya minofu ya sangara vya Mwanza vinavyouza Ulaya hufuata HACCP, mfumo wa kulinda usalama wa chakula, ambao herufi yake ya kwanza ni "hazard". Hapo Wafaransa hawasemi "aléa" wala "hasard". Wanasema "danger": "analyse des dangers". Kwenye kemikali ni hivyo hivyo, na sheria ya chakula ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 huweka "hazard" upande wa Kiingereza na "danger" upande wa Kifaransa. Ukienda kwenye bima, "moral hazard", ile tabia ya mtu kuacha kujichunga kwa kuwa hasara italipwa na mwingine, ni "aléa moral". Kwa hiyo neno moja la Kiingereza lina maneno mawili ya Kifaransa, na lile la tatu linalofanana nalo zaidi halihusiki kabisa.

Usidhani huu ni ubishi wa wataalamu peke yao. Oktoba 2015, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lililoko Lyon, IARC, liliiweka nyama iliyosindikwa, kama soseji na bekoni, katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Kundi hilo lina tumbaku pia. Magazeti mengi yakaandika kwamba soseji ni hatari sawa na sigara. IARC haikusema hivyo. Makundi yake hupima uzito wa ushahidi kwamba kitu kinaweza kusababisha saratani, ambao ni upande wa "hazard". Ukubwa wa uwezekano wa wewe kuupata ugonjwa kwa kula au kuvuta kiasi fulani ni upande wa "risk", na hapo sigara iko mbali sana na soseji.

Kuhusu "risk" yenyewe, asili yake haijulikani kwa hakika. Ilitoka Italia ya wafanyabiashara wa baharini, ikapita Ufaransa, ikafika Uingereza katika karne ya 17. Nadharia mojawapo inaipeleka kwenye "rizq" ya Kiarabu, ambayo ndiyo riziki yetu. Ushahidi ni haba, ila mimi naipenda nadharia hiyo kuliko unavyostahili: nahodha anapong'oa nanga, riziki na hasara viko katika jahazi moja. Watumishi wa serikali ya Tanzania siku hizi husema "vihatarishi" wakimaanisha "risks" za ukaguzi na mipango. Neno limekaa kiofisi, lakini afadhali lipo.

Vibandiko vya kemikali vina mtego wao. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali una maneno mawili tu ya kumshtua msomaji, moja la kemikali kali zaidi na jingine la zile zenye nafuu kidogo. Kwa Kiingereza ni "Danger" na "Warning". Kwa Kifaransa ni "Danger" na "Attention". La kwanza halina tabu. La pili, mtu wa Kiingereza akiliona "Attention", hufikiria tangazo la kituo cha basi, au askari wanaoamriwa kusimama wima. Kwa Mfaransa ni neno la kupiga kelele mtoto anapokimbilia barabarani. Kisha njoo kwenye mashine zinazofuata alama za Kimarekani, zenye ngazi tatu: "Danger", "Warning", "Caution". Huko "Warning" mara nyingi hugeuzwa kuwa "Avertissement", na "Attention" hushushwa kuwa tafsiri ya "Caution". Kwa maneno mengine, "Attention" ya kwenye dumu la dawa ya kuua wadudu na "Attention" ya kwenye mashine ya kusaga vinaweza visiwe na uzito mmoja. Fundi makini hutazama picha iliyo kando ya neno.

Na "caution"? Kwa Kiingereza iko kwenye kile kibao cha manjano cha sakafu yenye maji. Kwa Kifaransa "caution" ni dhamana: pesa unayomwachia mwenye nyumba unapopanga, au ile inayomtoa mtuhumiwa rumande. Sakafu ya Kifaransa huandikiwa "sol glissant", sakafu inayoteleza. Vivyo hivyo "défense d'entrer", ijapokuwa inafanana na "defence" ya Kiingereza, haina ulinzi wowote ndani yake. Ni marufuku kuingia.

Katika vibao kuna kimoja ambacho Mswahili na Mfaransa wanaelewana moja kwa moja, na Mwingereza anabaki nje. Mwingereza huandika "Beware of the dog", akimpa mgeni amri ajihadhari. Mfaransa huandika "chien méchant", anakuelezea mbwa alivyo, uamuzi ni wako. Ni "mbwa mkali" neno kwa neno, au "mbwa kali" ya mageti ya Nairobi, ambayo walimu wa sarufi wameishindwa na mbwa hawajalalamika.

Misemo nayo ina raha yake. Mwingereza anayejipeleka mwenyewe kwa adui huingia katika pango la simba, kwa kumbukumbu ya nabii Danieli. Mfaransa hujitupa katika domo la mbwa mwitu, "se jeter dans la gueule du loup", kwa kuwa katika misitu na ngano zake mnyama wa kuogopwa alikuwa huyo. Mswahili anachezea sharubu za simba. Mwingereza anayekimbia balaa moja na kuangukia jingine hutoka kwenye kikaango akaingia motoni. Mfaransa huanguka "de Charybde en Scylla", majina mawili ya kutisha ya hadithi za Kigiriki ambayo wasomi wa kale waliyaweka katika mlangobahari wa Messina, kati ya Sisilia na Italia. Kiingereza nacho kina Scylla na Charybdis, lakini hukitumia kwa mtu aliyebanwa katikati, asiye na pa kwenda, wakati Mfaransa anamzungumzia aliyekwisha kuhama kutoka kubaya kwenda kubaya zaidi. Yetu sisi, ya kuruka mkojo na kukanyaga mavi, iko upande wa Mfaransa, ingawa si ya kusemwa mbele ya wakwe.

Mwingereza akiona hakuna wa kumkamata husema pwani iko wazi, "the coast is clear", usemi wa taifa la kisiwa lililozoea kuchungulia nani anashuka ufukweni. Mfaransa husema njia iko huru, "la voie est libre". Kuponea chupuchupu kwa Kiingereza ni "by the skin of one's teeth", kwa ngozi ya meno, maneno ya Ayubu katika Biblia. Mfaransa huponea kwa unywele mmoja, "d'un cheveu", au husema "je l'ai échappé belle". Mwingereza anayebahatisha hutembea kwenye barafu nyembamba. Mfaransa yuko kwenye kamba iliyokazwa, "sur la corde raide", kama wachezaji wa sarakasi.

Msemo mmoja wa Kifaransa huwapotosha hata wenyewe: "il n'y a pas péril en la demeure". Kwa kuwa "demeure" leo ni makazi, wengi wanadhani usemi unasema nyumba haimo hatarini. Hapo "demeure" ni ukawiaji, kwa maana yake ya zamani, na usemi umetoka katika Kilatini "periculum in mora", hatari iliyo katika kuchelewa. Anayeusema anakuambia hakuna haraka. Ukimfasiria mtu kwamba nyumba iko salama, na kumbe swali lilikuwa kama ambulansi inaweza kusubiri, umeharibu.

Kuna mahali Kiingereza kiliazima Kifaransa tena, karne ya 20, kwa makusudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, ndege nyingi zilizotumia uwanja wa Croydon, London, zilikuwa zikienda na kutoka Le Bourget, Paris. Frederick Mockford, afisa wa redio wa Croydon, alitakiwa atafute neno la kuomba msaada ambalo pande zote mbili zingelielewa. Akachagua "Mayday", lenye sauti ya "m'aider", nisaidieni. Mwaka 1927 mkutano wa kimataifa wa redio uliofanyika Washington ulilikubali. Linatamkwa mara tatu, ili lisifanane na mazungumzo ya kawaida. Chini yake kuna "pan-pan", kutoka "panne", hitilafu, kwa dharura ambayo bado haijatishia uhai, na manahodha wana "sécurité" kwa onyo la hali ya bahari au kizuizi majini. Rubani Mtanzania au Mkenya huongea Kifaransa siku aliyobanwa zaidi, ajue asijue.

Na neno kamili lina uzito. Januari 1990 ndege ya Avianca kutoka Kolombia ilizungushwa angani karibu na New York hadi mafuta yakaisha. Marubani waliomba kipaumbele, wakasema mafuta yanawaishia, lakini hawakutamka "Mayday" wala "emergency". Waongozaji hawakuelewa kwamba zimebaki dakika. Watu 73 walikufa.

Katika sheria, "personne en danger" ni maneno yenye jela nyuma yake. Kifungu cha 223-6 cha kanuni ya adhabu ya Ufaransa kinamwadhibu anayeacha kumsaidia mtu aliye hatarini ilhali angeweza bila kujihatarisha, kwa kawaida hadi miaka 5 jela na faini ya euro 75,000. Wapiga picha waliokuwa eneo la ajali ya Princess Diana, Paris, Agosti 1997, walichunguzwa kwa kosa hilo. Sheria ya Kiingereza kwa ujumla haimlazimishi mpita njia kumwokoa asiyemhusu, hivyo "failure to assist a person in danger" ni tafsiri tu, haina mzizi katika mahakama za London wala katika zile za Afrika Mashariki zilizorithi sheria hiyo.

Nimeacha kwa makusudi jozi inayowasumbua watafsiri kuliko zote: "safety" na "security". Kwa Kiingereza mpaka unajulikana. "Safety" ni kujikinga na ajali, "security" ni kujikinga na watu wenye nia mbaya. Kifaransa kina "sécurité" na "sûreté", na mtu angetarajia "security" iwe "sécurité". Kwenye usafiri wa anga ni kinyume: wanaopekua mabegi wako chini ya "sûreté", na kuzuia ndege zisigongane ni "sécurité". Ingia kwenye mtambo wa nyuklia, na maneno yanabadilishana viti: kuzuia mtambo usilipuke ni "sûreté nucléaire", na ndiyo maana mamlaka ya Ufaransa inayokagua mitambo hiyo ina neno hilo katika jina lake, wakati shirika la nishati ya atomiki la Umoja wa Mataifa huita kinga dhidi ya wezi na wahujumu "sécurité nucléaire". Kana kwamba hiyo haitoshi, sheria ya Ufaransa ya mwaka 2006 iliipanua "sécurité nucléaire" ikaimeza na "sûreté" ndani yake.

Kiswahili kina "usalama" kwa yote, kuanzia mkanda wa gari hadi Usalama wa Taifa. Anayetafsiri waraka wa Kifaransa kwa ajili ya uwanja wa ndege wa Bujumbura au Kinshasa atalazimika kurefusha: usalama dhidi ya ajali huku, ulinzi dhidi ya hujuma kule, na aandike hivyo tangu ukurasa wa kwanza, kabla "sûreté" haijatokea mara ya pili.